Twahiru wa Pumzi

Kama frigo yako ilikufa Bujumbura katika miaka ile ya vita, hukuambiwa utafute fundi. Uliambiwa umtafute Twahiru wa Pumzi. Mafundi walikuwa tele, kila mwenye bisibisi na koleo alijiita fundi, lakini wa Pumzi alikuwa mmoja tu. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, na kilichomletea ni wizi wa watu wengine.

Nchi jirani zilipotufungia mipaka mwaka 1996, gesi ya frigo ikawa adimu kuliko sukari. Ndipo mafundi wenye akili ya panya wakaanza mchezo wao. Anakuja kwako, anabadilisha kompresa, gesi ya zamani iliyochanganyika na mafuta yaliyoungua anaiacha humohumo ndani, kisha anakudai bei ya gesi mpya. Utajua lini? Utajua nyama itakapoanza kunuka, na hapo fundi mwenyewe keshahamia mtaa mwingine. Twahiru mambo hayo yalimkera kupita kiasi, maana alikuwa mtu wa hasira za karibu, na akaanzisha desturi yake. Kabla ya kazi alimwita mwenye nyumba, hata akiwa mkubwa wa serikali kule Kiriri, akamsimamisha kando ya frigo, akakata ncha ya kibomba cha shaba. Gesi ikatoka: fssss.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ni pumzi ya zamani. Imeshaenda."

Baada ya hapo ndipo alipofungua chupa mpya mbele ya macho yako. Wateja waliipenda desturi hiyo. Ikafika mahali mama wa nyumbani hamruhusu fundi yeyote kugusa kitu kabla hajasikia pumzi, na mafundi waliomcheka Twahiru wakalazimika kumwiga. Jina jema hung'ara gizani, wanasema, na lake liling'ara hata umeme ulipokatika mji mzima.

Alizaliwa Buyenzi, mtoto wa fundi cherehani. Shule aliipenda kidogo, nayo shule haikumpenda hata kidogo. Akiwa kijana wa miaka kumi na mitano alichukuliwa na Hamood, mfanyabiashara mwenye asili ya Omani, aliyekuwa na duka la barafu na maziwa mjini. Kazi yake ilikuwa kubeba vipande vya barafu, lakini kila alipopata nafasi alikuwa nyuma ya mashine akiisikiliza inavyonguruma. Hamood alimwona. Badala ya kumpiga kofi akampeleka kwa fundi mmoja Mgiriki ajifunze kazi. Mkewe Hamood, Mahfudha, ndiye aliyemlisha miaka yote hiyo, kwenye sinia moja na watoto wake. Hamood alipofariki, Mahfudha alimkabidhi Twahiru frigo zote, za dukani na za nyumbani kwake Kibenga, kandokando ya ziwa. Macho ya bibi huyo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kwa mtu asiyeona vizuri, pumzi ilikuwa na thamani zaidi: ndiyo risiti aliyoweza kuisoma. Twahiru alimwita Mama. Katika nyumba ile hakuwa na haja ya kupiga hodi, na neema hiyo ilimpendeza kuliko malipo yoyote.

Vita vilipoanza mwaka 1993, watu wengi waliacha kuvuka mitaa. Huyu haendi kule, yule haji huku. Twahiru aliendelea kuzunguka na baiskeli yake, mfuko wa vyombo begani, kwani frigo haina kabila, na mkubwa na mdogo wote hupenda maji baridi. Alikuwa amejenga Kanyosha, yeye na mkewe Khadidja. Binti yao Nura ameolewa ng'ambo, Uvira. Milio ya risasi milimani waliizoea kama watu wanavyomzoea jirani mlevi. Ukimwuliza Twahiru wakati huo kama ana wasiwasi, angekuambia wasiwasi wa nini, kazi ipo, jina lipo.

Mambo yalianza kuharibika kwenye semina.

Ilikuwa mwaka 2002. Watu wa mazingira waliwaita mafundi wa frigo katika ukumbi mmoja mjini. Wengi walikwenda kwa ajili ya Fanta na mishikaki ya bure, brosheti kwa lugha yetu, na Twahiru alikuwa mmoja wao, tusimpambe. Aliyewafundisha alikuwa injinia kijana jina lake Sébastien, mrefu, miwani ikimteleza puani kwa jasho.

"Hewa inayozunguka dunia iko sawa na blanketi," Sébastien alisema. "Bila ile blanketi tungeganda sisi wote. Lakini watu wanachoma makaa, wanachoma petroli, wanachoma misitu, na moshi yake inaongeza blanketi juu ya blanketi. Joto ya jua inaingia, kutoka inashindwa. Ni vile dunia inazidi kuwa moto."

Halafu akainua chupa ya gesi, ileile ambayo kila fundi pale aliijua kuliko uso wa shemeji yake.

"Na hii gaz yenu haina harufu, haina rangi, haiui mutu. Lakini kilo moja tu ya hii inashika joto sawa na tani kumi za moshi ya magari. Tena inatoboa lile pazia la juu linalotukinga na jua kali."

Ukumbi ulicheka. Fundi mmoja alipiga kelele kwamba kumbe wao ni watu wakubwa, kwa kibomba kimoja tu wanaipasha dunia. Twahiru hakucheka. Aliinua mkono.

"Bwana injinia, ikishapanda, inateremuka lini?"

"Haiteremuki, muzee. Inakwisha pole pole huko huko juu. Inaweza kukaa miaka mia."

"Ile niliyotoa nikiwa kijana?"

"Sehemu kubwa bado iko juu."

Twahiru aliketi. Brosheti yake aliiacha nusu, na waliomjua wanasema hilo halijawahi kutokea tena.

Tangu siku hiyo hakutulia. Aliamka akazunguka uani, akaketi, akasimama, akaingia ndani, akasahau alichokuja kutafuta. Sauti ile ilimfuata kila mahali. Gurudumu la baiskeli likitoa upepo: fssss. Chungu cha Khadidja kikichemka: fssss. Alipokuwa akiswali chini ya feni mbovu msikitini alipoteza hesabu ya rakaa. Wavuvi wa Kibenga wakilalamika kwamba ndagala wamepungua, yeye aligeuza uso kando. Watu wa Kirundo walipoteremka mjini na vifurushi vyao, wakisema mvua imewakatalia mwaka baada ya mwaka, alisikia kama wamekuja kumtafuta yeye kwa jina. Alimrudia Sébastien ofisini kwake, na injinia akamweleza kwa upole kwamba ukame mmoja huwezi kuufunga kwenye shingo ya fundi mmoja, kwamba wenye viwanda na magari ya nchi kubwa wana mzigo mzito zaidi. Twahiru alielewa kabisa. Lakini moyo hauna masikio ya kusikiliza wataalamu. Kilichomchoma si gesi peke yake. Ni kwamba aliitoa kwa fahari, akiita watu waje wasikie, na ndiyo iliyomfanya awe mtu.

Khadidja alimtazama mwezi mzima, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Baba Nura, uko na mwanamuke?"

"Apana. Niko na gaz."

"Gaz gani inanyima mutu usingizi?"

Alimweleza. Khadidja alisikiliza hadi mwisho, akasema astaghafirullah, akarudi kuchambua maharage. Kwake yeye afadhali angekuwa mwanamke, maana mwanamke unaweza kumfuata ukamtukana.

Sébastien alikuwa amewaahidi mafundi mashine za kunasia gesi. Mashine zilikwama, njiani au bandarini, kila mtu alisema lake. Twahiru hakuweza kungoja. Akachukua kompresa nzima kutoka kwenye frigo iliyooza, akaiunganisha kwa mipira na vibomba, upande mmoja kwenye frigo ya mteja, upande mwingine kwenye chupa tupu aliyoikalisha ndani ya beseni la maji baridi. Jaribio la kwanza mpira ulimpasukia usoni. La tatu likafaulu. Gesi ilitoka kwenye frigo ikaingia kwenye chupa, kimya kabisa, na Twahiru akalia, mtu mzima, ameshika beseni. Siku hiyo alilala usingizi mzuri.

"Nikishaijaza nifanye nayo nini?" alimwuliza Sébastien.

"Uiweke. Hapa kwetu hakuna mahali pa kuichoma mpaka iishe kabisa. Siku moja itapelekwa inje."

"Siku gani?"

"Vita ikiisha."

Miaka ile kila kitu kilikuwa vita ikiisha: barabara, harusi, madeni. Twahiru akaiweka chupa chini ya kitanda, upande wa Khadidja, maana upande wake mwenyewe palikuwa na vyombo.

Sasa njoo uone wateja. Mwuza soda mmoja wa Buyenzi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya ziwa, alisimama mikono kiunoni kando ya frigo yake akingoja.

"Pumzi iko wapi?"

"Imeingia mu chupa, mama."

"Mu chupa ya nani?"

"Yangu."

"Eh! Gaz ya frigo yangu inaingia mu chupa yako, halafu mi nafurahi?"

Alijaribu kumweleza habari ya blanketi, joto, na miaka mia. Mwanamke alimsikiliza mdomo wazi, kisha akamwonyesha milima ambako usiku uliopita mizinga ilikuwa ikilia.

"Watu wanakufa leo, we unaniambia miaka mia!"

Twahiru aliinamia mipira yake. Kwa kweli hata mimi sijui ningemjibu nini. Kufika Ijumaa habari ilikuwa imetambaa barazani na masokoni: Twahiru anazinyonya frigo za watu, anaijaza gesi chupani, anaitia kwenye frigo ya mwingine na kuiita mpya. Ndio wizi uleule aliopambana nao, sasa umevikwa kanzu yake. Mafundi aliowahi kuwaumbua ndio walioisambaza habari kwa bidii, na walipoulizwa ushahidi walijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Kiriri wakaacha kumwita. Buyenzi wakaacha. Alibaki na Mahfudha.

Mwezi wa sita mwaka 2003 kompresa ya frigo kubwa ya Kibenga iliungua. Twahiru aliingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida yake. Mahfudha alikuwa ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi, na mwanawe Himid, ambaye sasa ndiye aliyeendesha duka, alikuwa amesimama mlangoni mikono kifuani. Habari za mjini zilikuwa zimemfikia.

Twahiru aliunganisha mipira yake. Kompresa yake ya kunasia ikanguruma. Alipomaliza, Mahfudha aligeuza uso upande wa frigo.

"Twahiru, toa pumzi nisikie."

"Nimeishatoa, Mama. Iko mu chupa."

"Sikusikia kitu."

"Haina sauti. Mama, mi siwezi tena kuitoa inje. Inapanda juu, inaongeza joto ya dunia. Injinia alituonyesha."

Himid alicheka puani. "Muzee Twahiru, si useme tu unaiuza? Umeitoa, utaitia ileile, utasema ni mpya. Mama haoni, lakini mi naona."

"Himid!" Mahfudha alimkemea. Kisha vidole vyake vikatembea juu ya tasbihi. "Mwanangu, mi sina elimu ya mambo ya juu. Macho yangu yamekufa. Nilikuwa nakujua kwa sikio. Sasa hata sikio unaninyima?"

Twahiru aliibadilisha kompresa iliyoungua. Akatia gesi mpya, frigo ikaanza kupoa, na hakuna aliyeisifu. Alipokuwa akifunga mfuko wake, Mahfudha alimwambia kwamba kuna frigo ya pili yenye kasoro. Aje Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba, baada ya swala, aitoe pumzi hadharani kama zamani, Himid asikie, na maneno yote ya mjini yafe siku hiyohiyo. Asipotaka, basi kila mtu na njia yake.

Unaona jinsi alivyobanwa. Pumzi moja tu, na jina lake linarudi. Khadidja alimwambia aitoe na amwombe Mungu msamaha, Mungu hatakosa hewa. Twahiru alikata shauri asubuhi ataitoa, jioni akalibadili. Alizunguka uani hadi kuku wakamzoea. Alipungua, suruali ikawa inashikwa na kamba. Alimpenda Mahfudha kuliko alivyompenda mama yake mzazi, ambaye hakumkumbuka hata sura, na kufikiri kwamba yuko Kibenga anamdhania mwizi kulimfanya arudishe sahani ya Khadidja ikiwa imejaa.

Ijumaa ile haikufika. Mwanzoni mwa juma hilohilo, alfajiri, waasi waliteremka kutoka milimani wakaingia mitaa ya kusini. Kanyosha ililia risasi pande zote. Watu walitoka na walichoweza kushika: magodoro, sufuria, mbuzi, wagonjwa migongoni. Khadidja alifunga godoro na sufuria mbili. Alipogeuka alimwona mumewe amepiga magoti, anaivuta chupa kutoka chini ya kitanda.

"Baba Nura! Una wazimu?"

"Risasi ikiipiga itatoka yote."

"Na ikikupiga we?"

Twahiru alisimama. Aliiweka begani, nzito, ikamkata mfupa, na wakaingia kwenye mto wa watu waliokuwa wakielekea mjini.

Karibu na daraja la Muha palikuwa na kizuizi cha jeshi. Askari waliokesha, macho mekundu, walikuwa wakipekua kila kifurushi. Magari yalisubiri upande mmoja, waenda kwa miguu upande mwingine. Twahiru alipofikiwa na zamu yake, gari lililosimama hatua mbili kutoka kwake lilikuwa la Himid. Kioo kilikuwa wazi kwa joto, na nyuma ya kioo, ushungi mweupe umeuzunguka uso wake, alikaa Mahfudha.

"Iko nini mule?" askari aliuliza.

"Gaz ya frigo, shefu. Mi ni fundi."

"Watu wanakimbia na watoto, we unakimbia na gaz ya frigo?"

"Ndiyo, shefu."

"Hii ni bombe."

"Apana, wallahi si bombe."

"Kama ni gaz, fungua tuisikie."

Mwezi mzima alikuwa akiambiwa neno hilohilo, na sasa lilikuja na bunduki. Twahiru, ambaye hakuzoea kusema uongo, akafanya kosa la kusema kweli.

"Shefu, nikifungua itaharibu hewa. Ni mbaya kwa dunia nzima."

"Inaharibu hewa? Ni sumu! Mutoke hapa, mutoke!"

Watu walipiga mayowe, wakasukumana kurudi nyuma. Bunduki ilikokiwa. Khadidja aliangusha godoro akamshika mumewe kanzu.

"Baba Nura, fungua! Nakuomba kwa Mungu, fungua!"

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kifunguo. Kukizungusha kidogo tu kungetosha. Askari angesikia, na Mahfudha pale dirishani angesikia. Uhai wake na jina lake, vyote viwili kwa sauti moja. Alifikiri juu ya miaka yote aliyoita watu waje wasikie, yote ikapanda, yote ingali huko. Kilichobaki chini ni hiki kilicho begani. Katika maisha yake mazima ndicho peke yake alichowahi kukizuia. Aliogopa kufa, aliogopa sana, na bado vidole vilikataa kuzunguka.

"Shefu," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "si sumu. Nilisema vile juu ya woga. Hii ni mali. Nimeiiba. Nikiifungua itaisha, nitauza nini?"

Askari alimtazama. Bunduki ilishuka kidogo. Mwizi ni kitu alichokielewa tangu utotoni.

"Umeiba kwa nani?"

Twahiru alinyoosha kidole kwenye gari.

Askari akasogea dirishani. "Mama, unamujua huyu?"

Mahfudha hakuweza kumwona. Aligeuza sikio. "Twahiru? Ni we?"

"Ni mi, Mama."

"Umesema umeniibia?"

Khadidja alitaka kupiga kelele. Twahiru alimkanyaga mguu. "Nimekuibia, Mama."

Upande wa Kanyosha bunduki zilikuwa zikiendelea. Uso wa Mahfudha, uliokuwa umejaa hofu ya vita, ukabadilika ukawa wa mtu aliyefiwa.

"Namujua," alimwambia askari. "Alikula kwangu tangu utoto. Kama amesema ameiba, ameiba. Muache apite."

Himid alifunga kioo. Askari walicheka, mmoja akampa Twahiru teke la matako, mwingine akamwuliza kama anaiba na majokofu ya maiti. Akavuka daraja na chupa yake, watu wakimpisha njia wasije wakaibiwa.

Waasi walirudishwa nyuma baada ya siku chache, na watu wakarejea Kanyosha kuhesabu matundu ya kuta. Twahiru alikuwa na mpango mmoja tu: amwone Mahfudha amweleze. Alikwenda Kibenga. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alisimama nje ya geti akapiga hodi. Himid alitoka akamwambia Mama hataki. Alirudi mara nyingine, na nyingine tena. Alimtuma Khadidja, akarudishwa na maji ya kunywa na kimya. Alimwomba Sébastien amsaidie, na Sébastien akaenda na makaratasi yake ya Kifaransa, Himid akamwuliza fundi amemlipa nini.

Mwezi wa Shaabani Mahfudha alifariki.

Twahiru alikwenda mazikoni, angewezaje kutokwenda? Alikaa mwisho wa safu. Jeneza lilipoinuliwa, wanaume walilikimbilia kama ilivyo ada, kila mmoja akitaka bega lake lipate thawabu, huyu akiingia, yule akitoka. Twahiru naye aliingia. Alikuwa keshainamisha bega chini ya mti wa jeneza alipohisi kiganja kifuani. Alikuwa Himid. Hakumtukana, hakumsukuma kwa nguvu. Alimwambia tu kwa sauti ya chini, machozi yakimtoka:

"We apana, Muzee Twahiru. Alisikia mwenyewe kwa kinywa chako."

Twahiru akampisha. Alilifuata jeneza kwa nyuma hadi makaburini, akatupa udongo wake wakati wengine wamekwisha kuondoka, akarudi Kanyosha kwa miguu ingawa baiskeli alikuwa nayo mkononi.

Khadidja alimkuta uani. Ameitoa chupa nje, ameibana kati ya magoti, mkono juu ya kifunguo, na analia kwa sauti bila kujali majirani. Mwanamke huyu, ambaye aliichukia chupa ile tangu siku ilipoingia chumbani kwake, alichuchumaa mbele yake.

"Fungua basi," alisema. "Imekula watu wote tuliokuwa nao. Fungua iende, tupumzike."

Twahiru alitikisa kichwa.

"Siku ile mu barrière pale darajani nilisema uwongo, Mama Nura. Sikuwa nimeiiba. Lakini sikuwa nimeilipa pia."

"Na leo?"

"Leo nimeilipa."

Khadidja alimfuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akashika upande mmoja wa chupa, Twahiru akashika wa pili, wakairudisha ndani.